Chemchemi ya Mama Dorika

Heriel wa idara ya maji alipiga goti katikati ya bustani ya Skolastika, akachota maji kwa kiganja, akayatazama kwenye jua, kisha akayaonja. Wanakamati wa lambo waliosimama nyuma yake wakatazamana. Mtu mzima anayeonja maji ya ardhini, na huku amevaa saa ya kung'aa na viatu vya kamba, hawakujua wamweke fungu gani.

"Haya maji yanatoka wapi?" aliuliza.

Bustani ilikuwa chini kabisa ya tuta la lambo, upande wa mteremko. Ulikuwa mwezi wa kumi, mashamba yote ya Mutuka yamekauka hadi udongo unapasuka, lakini pale palikuwa na mchicha wa kupendeza, chainizi, vitunguu na hata miwa michache pembeni. Maji yalijitokeza yenyewe, yakajaza kijishimo ambacho Skolastika alikuwa amekizungushia mawe, kisha yakapita polepole katikati ya mboga. Wanawake wenzake walivunja migongo kwa ndoo ili wasaidie miche michache isife. Yeye alikuwa anavuna tu, na kijicho chao alikisikia hata kwenye salamu.

"Nina sababu ya kuuliza," Heriel akaendelea, akifuta mkono kwenye suruali. "Kama ni maji ya lambo yanapenya chini ya tuta, lazima nipashughulikie. Nitapafukua, niweke kokoto na mawe ili maji yapite bila kubeba udongo. Na hapatalimwa tena. Lakini kama ni chemchemi, kama yalikuwepo kabla ya lambo, hayana ubaya. Sasa nisaidieni. Yalikuwepo?"

Macho yote yakaenda kwa Xaveri, mwenyekiti wa kamati na mume wa Skolastika. Familia yake ndiyo pekee iliyoishi pale kabla lambo halijachimbwa. Wengine wote, hata Mzee Yoakimu na mvi zake, walihamia baadaye kutoka Dareda na kwingineko wakifuata maji. Xaveri alitazama viatu vyake. Kisha, kama wafanyavyo wanaume wengi wakiona jambo lina miba, akamgeukia mkewe.

"Mama Dorika ndiye anapajua hapa," alisema.

Naam, alipajua. Maji yale hayakuwepo alipoolewa. Yalianza kama unyevu tu, mwaka ule Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa na watumishi wa serikali wakaanza kumiminika mjini wakitafuta vyumba na mboga. Yeye ndiye aliyeuona unyevu ule kwanza, akapanda, akauza, na kwa mara ya kwanza maishani akawa na kitu ambacho hakumwomba mtu. Nyuma ya mlango wake kulikuwa na mabati mapya, aliyoyanunua moja moja kwa hela ya mchicha. Yalikuwa yamebaki machache tu yatimie, aondoe nyasi juu ya nyumba. Krismasi iliyopita Dorika, binti yao wa pekee, alikuja kutoka Bonga na mume wake. Mvua ilimdondokea mkwe yule usiku kucha, na asubuhi akasema kwa adabu kwamba amelala vizuri sana. Skolastika hajawahi kusahau adabu ile.

"Ni chemchemi," alisema. "Hata mama mkwe alikuwa anachota hapa."

Mama mkwe alikuwa marehemu, Mungu amlaze pema, na hakuweza kubisha.

Mzee Yoakimu akakohoa. "Chemchemi haipigwi jembe, mtaalamu," alisema kwa sauti yake ya kukokota. "Sisi kwetu ukigusa jicho la maji kwa chuma, maji yanahama. Dareda tuliona." Wenzake wakaitikia, na mambo yakaishia hapo. Heriel hakuwa mtu wa kubishana na wazee.

"Sawa. Lakini mniangalizie," alisema akifunga mkoba wake. "Maji safi hayanitishi. Siku yakitoka na tope, ujue tuta linaliwa kutoka ndani, na nje bado mtaliona zima. Siku hiyo hiyo mniite. Msingoje kesho."

"Tutakuita," Xaveri akaahidi.

Jioni, wakati wa kula, Xaveri alisema bila kuinua uso, "Ulijibu vizuri." Skolastika alimwongezea mboga. Alikuwa anamfikiria mama mkwe wake, ambaye miaka yake ya mwisho alipenda sana kusimulia safari za maji: jinsi alivyoamka alfajiri kwenda mtoni, mtungi kichwani, na jinsi pale kwenye njia panda ilivyompasa ashike kulia, penye jiwe kubwa, kwa sababu kushoto kulikuwa na korongo lisilopitika. Aliisimulia kila mara kama vile kuna mtu atakuja kuihitaji.

* * *

Mvua za vuli zilianza vizuri mwaka huo, kisha zikapitiliza. Lambo likajaa mpaka watoto wakawa wanaimba habari zake. Skolastika aliendelea kupeleka mboga mjini kila siku ya soko, kwenye hoteli ya Bi Amna, mama mwenye duka mbele na jiko nyuma, mwenye maneno matamu na jicho kali. Siku moja Bi Amna hakumkaribisha chai.

"Mama Dorika, hebu njoo hapa kidogo."

Alimpeleka hadi kwenye meza ambako bwana mmoja wa ofisi za mkoa alikuwa amesukuma sahani pembeni.

"Onja," Bi Amna alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Si mboga zako?"

Watu wakaacha kula. Skolastika akachukua mchicha kidogo kwa ncha za vidole, akatia mdomoni. Mchanga ukalia kwenye meno yake. Aliutafuna hivyo hivyo na kuumeza, maana hakuona pa kutemea.

"Ni hizi mvua," alisema. "Zinarusha udongo kwenye majani."

"Mvua inanyesha kwa wote. Mboga za kule Maisaka mbona hazina mchanga? Wewe zako unaziosha na nini?"

"Na maji ya chemchemi."

"Basi iangalie chemchemi yako," Bi Amna alisema, na sasa sauti ilishuka, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Mboga za sikukuu nimekuagizia wewe peke yako. Usije ukaniaibisha."

Njiani kurudi Skolastika alijiambia ni mvua, na kila alipojiambia, mchanga ule ukamrudia kwenye meno. Asubuhi iliyofuata alishuka bustanini na bakuli jeupe. Kijishimo chake cha mawe kilikuwa na maji safi kama siku zote. Lakini pembeni, upande wa miwa, maji yalikuwa yametoboa tundu jipya kwenye mguu wa tuta, na yalikuwa yanatoka kwa nguvu kidogo, rangi ya chai ya maziwa. Haya ndiyo yaliyokuwa yanaingia kwenye mfereji wake wa kuoshea. Aliyakinga, akaliweka bakuli chini, akakaa kulitazama. Maji yalipotulia, udongo mwekundu ulikuwa umelala chini ya bakuli, mzito, laini, udongo ule ule wa tuta.

Akaumwaga. Kisha akalisuuza bakuli mara mbili, na hapo ndipo alipojua kwamba ana hatia, kwa sababu bakuli halikuwa chafu kiasi hicho.

* * *

"Baba Dorika, maji yametoka na tope."

Xaveri alikuwa ananoa jembe. Aliendelea kunoa.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Mvua kubwa hizi, hata mto una tope."

"Yametoka chini ya tuta. Yule mtaalamu alisema tumwite siku hiyo hiyo."

Sasa aliacha kunoa. "Nimwite nimwambie nini? Nisimame mbele ya kamati niseme chemchemi ya mama imegeuka lambo? Mimi mwenyekiti? Mzee Yoakimu alitutetea pale. Nitamtazama kwa macho gani?"

"Tuseme tu kwamba tope limetoka."

"Ataanza kuuliza. Huyu kijana anauliza mpaka unasema usichotaka." Alijaribu makali ya jembe kwa kidole gumba. "Ngoja sikukuu ipite. Mvua zikipungua, maji yatapungua. Mwezi wa kwanza nitakwenda mwenyewe, kimya kimya, ofisini kwake."

Skolastika angeweza kubisha. Angeweza hata kwenda mwenyewe. Njia ya mjini aliijua kuliko mumewe. Hakwenda. Na ukweli usemwe, aliambiwa asubiri akafurahi, kwa sababu chainizi za sikukuu zilikuwa zimesimama vizuri na mabati yaliyobaki aliyaona mbele ya macho. Furaha ile ndiyo ambayo baadaye hakuweza kuisamehe.

Mchana ule walishuka wote wawili na gunia la udongo wa kichuguu. Xaveri alilishindilia kwenye tundu kwa mpini wa jembe, akakanyaga, akajipangusa. Maji yakakata. Walipandisha nyumbani wakiongea habari nyingine, wepesi kama watu waliotoka kuungama. Kesho yake maji yalitokea pengine, hatua chache kando, na safari hii hayakuwa rangi ya chai. Yalikuwa mekundu.

* * *

Lambo lilibomoka Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, saa za ibada. Xaveri alikuwa kanisani na nusu ya Mutuka. Skolastika alikuwa amebaki kuvuna mboga za Bi Amna, na alipoinama kufunga fungu la kwanza alisikia sauti ya kunguruma chini ya miguu yake. Alipoinuka, lile tundu lilikuwa pana kama mdomo wa pipa, na juu yake nyasi za tuta zilikuwa zinashuka taratibu.

Mboga alizitupa. Alikimbia mteremko, kanga imemdondoka, hadi kwa Genoveva, mjane aliyeishi chini yao kando ya kijito na watoto wake watatu. Genoveva hakuwa ameenda kanisani kwa sababu mtoto mdogo alikuwa na homa.

"Toka. Toka na watoto. Lambo linakuja."

Genoveva ni mwanamke asiyeuliza mara mbili. Alimbeba mgonjwa, Skolastika akawashika wawili mikono, wakapanda kilima upande wa pili. Nusu ya njia Genoveva akasimama ghafla. "Ng'ombe nimemfunga," alisema, na akageuka. Skolastika alimkamata kitenge kwa mkono wake wote, akakivuta hadi kikachanika.

"Mwache."

"Amefungwa, Mama Dorika. Hawezi kukimbia."

"Mwache, nasema."

Walimwona wakiwa juu. Maji yalifika yakiwa na miti na matope, nyumba ikakaa kidogo kana kwamba inafikiri, kisha ikaenda. Ng'ombe aliivuta kamba yake mara moja. Watoto walilia, lakini Genoveva hakulia. Alikuwa ameshika mkono wa Skolastika na anausugua, anausugua, akisema asante, asante mama. Skolastika alitaka kuuvuta mkono wake na hakuweza.

* * *

Mtu hakufa, na hilo kila mmoja alilisema kwanza kabla ya kuhesabu mengine. Mahindi ya bondeni yalifunikwa. Lambo likabaki shimo la tope lenye madimbwi. Heriel alikuwa ameenda kwao Kilimanjaro, kwa sababu Krismasi kwa watu wa kule haiahirishwi hata na gharika, na ofisi ikasema itatuma mtu mwakani.

Mkutano ulifanyika siku ya tatu, na kama kawaida ya mikutano, mkosaji alikuwa ameshapatikana kabla ya maombi ya kufungua. Alikuwa Melkiadi, mfugaji wa upande wa juu, ambaye ng'ombe wake walipita juu ya tuta kwenda kunywa.

"Wamepita pale tangu mnijue," Melkiadi alisema. "Mbona halikubomoka?"

"Kwato zinakula kidogo kidogo," mtu akamjibu, na wengi wakaitikia kwa vichwa. Alitozwa faini ya dume, nyama ya kumaliza mkutano na ngozi kwa kamati. Xaveri, mwenyekiti, ndiye aliyetamka hukumu. Aliitamka akitazama mbali.

Skolastika aliinuka. Akafungua mdomo. Kabla hajasema, Genoveva naye akasimama, kitenge chake kimeshonwa pale kilipochanika.

"Mama Dorika ananyamaza kwa unyenyekevu," Genoveva alisema. "Mimi nitasema. Bila yeye leo mngekuwa mnanizika na watoto wangu. Hakwenda ibadani, Mungu alimbakiza pale kwa ajili yetu. Nawaomba mpigieni makofi."

Wakampigia makofi. Kuna makofi ya usoni yasiyouma kama yale. Akaketi.

Jioni ile alimwambia mumewe wabebe mabati. Xaveri hakuuliza wapi. Waliyapeleka yote kwa Genoveva, kwenye kiwanja alichopewa juu ya kilima, na Jumamosi vijana wakayapigilia juu ya miti mibichi. Habari zikafika hadi mjini, na Bi Amna, ambaye hakupata mboga za sikukuu, alimtumia mchele na salamu kwamba wanawake kama yeye hawazaliwi tena.

* * *

Mwezi wa kwanza mvua zikakata. Madimbwi ya lambo yalinywewa na ng'ombe, kisha jua likamaliza yaliyobaki. Mafuriko yalikuwa yamechukua nusu ya bustani, upande wa miwa, lakini kijishimo cha mawe kilikuwa kimebaki salama, na kila asubuhi Skolastika alishuka kukitazama. Kila asubuhi maji yalikuwa yameshuka. Siku alipoukuta unyevu tu, alienda hadi kwenye dimbwi la mwisho, akajaza ndoo, akarudi akaimimina ndani ya kijishimo, akaangalia huku na huku kama mwizi. Ardhi ikayanywa yote akiwa bado amesimama pale.

Basi wakaja. Wanawake wengi, ndoo kichwani, Genoveva mbele. Walikuwa wanacheka njiani.

"Hodi, Mama Dorika. Mzee Yoakimu ametutuma. Anasema chemchemi haikauki kwa sababu ya lambo kubomoka. Tunaomba maji yako, mwenzetu. Mungu ametubakizia haya."

Skolastika alikuwa mlangoni. Akawafuata tu.

Genoveva alipiga magoti, akateremsha kikombe cha bati kati ya mawe. Kikakwaruza. Akakiteremsha tena upande mwingine, kikakwaruza tena, na alipokitoa kilikuwa na tope lililopasuka. Genoveva aliangalia kijishimo, akainua uso akaangalia tuta lililokatika, halafu lile shimo kubwa lililokuwa lambo, halafu akarudi kwenye kijishimo. Hakuwa mwepesi wa kufikiri, lakini alikuwa anafika.

"Mama Dorika," aliuliza taratibu. "Mama mkwe wako alikuwa anachota wapi?"

"Mtoni," Skolastika alisema. "Alikuwa anachota mtoni. Hapa hapajawahi kuwa na chemchemi. Tope nililiona kabla ya sikukuu, nikanyamaza. Ng'ombe wa Melkiadi hawana kosa."

Hakuna aliyempigia kelele. Angeshukuru wangepiga. Genoveva alisimama, akakipangusa kikombe chake kwa kitenge kile cha kushonwa, polepole, ndani na nje.

"Mabati sikurudishii," alisema. "Ningekuwa na pa kuwalaza watoto, ningeyang'oa leo. Sina."

Wakajitwika ndoo tupu, wakashika njia ya mtoni, ile ya zamani ambayo hakuna mguu uliopita tangu lambo lichimbwe. Ilikuwa imeota nyasi hadi magotini. Skolastika alichukua ndoo yake akawafuata, akiwa nyuma kwa umbali ambao mtu anaachiwa bila kuambiwa.

Kwenye njia panda wakasimama. Hawakujua washike wapi. Jiwe kubwa lilikuwepo, limefunikwa na vichaka, na Skolastika alilitambua mara moja ingawa hakuwahi kuliona.

"Ni kulia," alisema. "Kushoto kuna korongo."

Hakuna aliyegeuka. Waliteta kidogo, wakatazamana, kisha Genoveva akaitengeneza kata yake kichwani na kushika kushoto. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Skolastika alisimama penye jiwe kwa muda, akiisikia minong'ono yao inavyoteremkia korongoni. Halafu naye akashika kushoto.